Naomba ushauri: naandikaje tarehe za singeli mpya?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naishi Manzese, Dar, na huu ni mwaka wa tatu naandika kwenye daftari shoo zinazokuja na nyimbo mpya za singeli, ule muziki wetu wa kasi wa mitaani, hasa za studio za uswahilini ambazo redioni huzisikii.

Shida yangu ni tarehe. Wimbo unaanza kupigwa kwenye kigodoro (ngoma ya usiku mtaani), unahamia kwenye fleshi ya dereva wa bajaji, na huko YouTube unafika baada ya wiki kadhaa, pengine usifike kabisa. Juzi nimepewa mmoja mtamu ajabu, midundo inapita 200 kwa dakika, lakini faili limeandikwa "07 mpya" basi. Mwimbaji anajitaja mara moja, haraka mno, nimerudia mpaka usiku sijamsikia vizuri. Sasa tarehe ya kutoka ni ipi hapo?

Mwaka 2017 lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli, na angalau kazi zile zina majina na mwaka. Hizi nyingine nyingi zitapotea na simu zikiharibika, na hilo linaniuma kweli.

Shoo nazo, tangazo linatoka asubuhi, jioni spika zimeshafungwa mtaani.

Naombeni mnisaidie: niandike siku niliyousikia, au nisubiri mpaka nimpate prodyuza? Na wimbo usio na jina mnautunzaje? Wenye uzoefu wa kuhifadhi muziki, hata wa taarab au dansi, nawasikiliza.