Mtu akiona diski imejaa asiguse, aondolewe karibu na kompyuta afungiwe stoo!

Karani Mkuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Moderata akitaka kuufuta huu uzi aufute, kufutiwa leo nimeshazoea.

Simtaji jina. Mnamjua. Kila ofisi anaye. Ndiye yule "anayejua kompyuta". Printa ikikwama anaitwa, anaizima, anaiwasha, ofisi nzima inampigia makofi.

Jana diski ya laptopu yangu ya mahesabu imekufa. Sikushtuka hata kidogo. Diski ya nje ya TB 1 ipo, bekapu kamili, yaani nakala ya kila kitu, ipo ndani, na kila jioni programu inaongeza kipande cha mabadiliko ya siku hiyo. Leo nimefungiwa diski mpya, nachomeka ile ya nje, nabonyeza kurudisha. Programu inaniambia faili la msingi halionekani. Nikamwita mtaalamu. Kaja na andazi mkononi, kachungulia, kasema bila kupepesa macho:

"Aa, hii ilikuwa imejaa. Nilifuta moja tu. Nyingine zote zipo, hesabu mwenyewe."

MOJA TU! Hiyo moja ndiyo bekapu kamili! GB 412! Vilivyobaki ni vipande vya GB 2, GB 3, na vyote vinaitegemea hiyo hiyo moja. Kipande cha Jumanne kinajua kilichobadilika tangu Jumatatu tu, cha Jumatatu kinajua tangu Ijumaa, unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka unafika kwa mama yao, na mama yao kafutwa na mtu mwenye andazi. Kabomoa ukuta kaniachia mabati yanaelea hewani, halafu ananiambia nihesabu mabati!

Na kweli alihesabu. Kwa kidole chenye mafuta, juu ya kioo changu, moja, mbili, tatu, mpaka cha mwisho. Alama za mafuta zipo hadi sasa, sizifuti, ni ushahidi.

Sasa ngojeni. Pembeni ya folda ya bekapu kuna folda inaitwa MPYA. Nimeifungua. GB 230 za tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa, zimepangwa kwa msimu. Haikuguswa hata sehemu moja! Windows inalia nafasi imekwisha, mtu anatazama mahesabu ya kampuni, anatazama mapenzi ya Seoul, anachagua kufuta mahesabu.

Ritani ya VAT mwisho tarehe 20. Naanza kuingiza manunuzi upya kutoka kwenye risiti za EFD, zile za mashine za kodi, na zile karatasi mnazijua, zikikaa kwenye droo wino unatoroka. Nyingine nazisoma kwa tochi ya simu.

Moja tu!!!

Mkaa Kijiweni

Nimekaa mkao wa kula.

Fundi Nati

Pole sana mkuu. Kwanza chomoa hiyo diski, mtu yeyote asiandike kitu juu yake. Faili likifutwa kwenye hizi diski za kuzunguka, data inabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu ya bure inaitwa TestDisk, inaweza kukuonyesha yaliyofutwa. Utakachokipata ukihifadhi kwenye diski nyingine, siyo hiyo hiyo. Kwani haikwenda pipani?

Karani Mkuu

Pipa lilishindwa, faili kubwa mno. Windows ikamuuliza kabisa, unataka kulifuta moja kwa moja? Akajibu Ndiyo! Kaniambia mwenyewe! Na nafasi iliyopatikana kaijaza msimu mpya.

Fundi Nati

Basi tena.

Kiboko Yao

Mhasibu mzima, hesabu za kampuni zinalala chumba kimoja na Wakorea. Watu wanaimba kila siku: nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya ofisi. Wewe ya nje ya ofisi ilikuwa ipi, ile iliyo kichwani?

Karani Mkuu

Sikufungua uzi nije kufundishwa. Diski ya pili nimeiomba kwa barua, barua ina muhuri. Hapa namzungumzia mtu aliyesimama mbele yangu akasema MOJA TU.

Mama Tekla

Halafu wakifuta hawakuambii. Wa kwetu alisafisha seva, tukajua siku ya ukaguzi.

Bandari Salama

Mkuu tulia, yamewakuta wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu, alifuta folda ya databesi kwenye seva ambayo siyo, karibu GB 300. Wakakimbilia bekapu: njia tano walizokuwa nazo, hakuna hata moja iliyokuwa ya kutegemewa. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma, na kazi yote ya kurudisha wakairusha mubashara YouTube.

Karani Mkuu

Hao walikiri mbele ya dunia nzima. Wa kwangu kachukua andazi la pili.

Tunda Lililong'atwa

Ndiyo maana mimi natumia Mac. Programu yake ya bekapu, Time Machine, inatunza nakala za kila saa kwa saa 24, za kila siku kwa mwezi, za kila wiki kwa miezi ya nyuma. Diski ikijaa inafuta za zamani kabisa yenyewe. Hakuna wa kuingiza mkono.

Kiboko Yao

Mwenye Mac kafika. Tupishe.

Chalii wa Kaloleni

Nyie angalau mlikuwa na diski ya kujaa. Mimi nimenunua flashi Kariakoo imeandikwa TB 2 kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku. Nikaweka picha zote za msiba wa babu. Kufungua, mafaili yapo kwa majina, ndani hamna kitu.

Fundi Nati

Hizo zimechezewa. Kompyuta inadanganywa ni TB 2 wakati ndani kuna GB chache, zikijaa kinachofuata kinapotea. Siku nyingine uipime na programu ya H2testw kabla ya kuiamini.

Mama Tekla

Kwangu hata flashi sihitaji, simu inajazwa na grupu la ukoo. Saa kumi na moja alfajiri maua, jua linachomoza, "asubuhi njema familia". Watu thelathini, picha ileile.

Mkaa Kijiweni

Afadhali maua. Mimi nimewekwa kwenye kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua, na kila jioni katibu anabandika orodha ya ahadi, jina langu linasoma sifuri.

Chalii wa Kaloleni

Hahaha, hata mimi! Siku hizi hawaombi, unatangaziwa kiwango.

Karani Mkuu

Jamani, bekapu yangu. GB 412. Alisema moja tu.

Mama Tekla

Ngoja kwanza mkuu. Mkaa, hiyo kadi ya dabo huko kwenu wamesema shilingi ngapi?