Kinywa changu si kizimba cha sato

Mama Kulwa

Wanajamvi, salaam. Ninaandika huku viatu vya harusi vikiwa bado miguuni na hasira ikiwa bado kooni, kwa hiyo atakayekuja hapa kunishauri nilale kwanza, naomba alale yeye.

Sitamtaja jina kwa sababu hakuna haja. Kila mtu aliyewahi kuchangishwa harusi hapa Mwanza, kati ya Buhongwa na Kisesa, anamfahamu: ni yule mshereheshaji wa suti inayometameta, anayefika ukumbini akiwa amechelewa kisha anawakaripia wageni kwa kuchelewa, na ambaye vichekesho vyake vilianza kutumika meli ya MV Victoria ikiwa bado inanuka rangi mpya. Huyo huyo.

Jioni ya leo alikuwa akisherehesha harusi ya mtoto wa dada yangu, ambako mimi, nikiwa mama mdogo wa bwana harusi, nilikaa meza ya mbele na mdomo nimeufumba kwa hiari yangu. Nina umri wa miaka 43 na nimefungwa waya za meno. Sikufungwa kwa ajili ya urembo, ingawa hata ingekuwa urembo, mdomo ni wangu. Meno yangu ya chini yamepandana tangu usichana, ya juu yameyafunika kiasi kwamba nikiuma chakula najiumiza ufizi, na mabaki yalikuwa yamejipatia makazi ya kudumu mahali ambapo mswaki haufiki. Daktari wa kinywa na meno alinitibu fizi kwanza, akakwangua ugaga, yaani uchafu uliogandia meno, akanipiga picha za eksirei, akang'oa meno mawili ili mengine yapate pa kusogea, ndipo akagandisha vile vichuma na kupitisha waya. Kila ninapotoka kubanwa, usiku wake hata ugali laini kwa mchuzi wa sato unanishinda, nakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Nimeacha miwa. Nimeacha mahindi ya kuchoma. Mimi, mzaliwa wa Magu, nimeacha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na sikumlalamikia mtu.

Basi. Ulipofika wakati wa keki, bibi harusi akanilisha kipande changu, na huyo mshereheshaji akaniomba nitabasamu kwa ajili ya picha. Nikatabasamu kwa midomo. Akasema hapana, mama mdogo, tunataka tabasamu la Kisukuma, meno yaonekane. Ukumbi ukashangilia. Nikafungua. Mpiga picha wa video, ambaye naamini kabisa kwamba walikuwa wamekwisha kupanga, akavuta kamera mpaka jino langu moja likawa refu kuliko bwana harusi kwenye ule ukuta mweupe. Na hapo, upande wa kushoto, kati ya waya na kichuma, palikuwa na jani la mchicha.

Ndipo akasema, kwa kipaza sauti, mbele ya wakwe: "Jamani, mama mdogo amefuga! Mama, kizimba hicho cha sato ni cha mkopo wa serikali au ni mtaji wako mwenyewe? Maana naona na chakula cha samaki kimebaki."

Yaani waya zangu amezifanya kizimba cha kufugia samaki ziwani, tena kwa kipaza sauti, wanajamvi. Spika zilikuwa zimeelekezwa ziwani, na sina shaka kwamba abiria wa kivuko cha Kamanga walisikia. Baba mkwe alimwaga soda. Mchungaji aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Ndugu wa upande wa pili, ambao tulikuwa tumeonana nao siku ya mahari tu, sasa wananifahamu kuwa ni mfugaji, na wakati wa zawadi mzee wao mmoja alinishika mkono kwa heshima zote akaniuliza vifaranga wa sato huwa nawanunua wapi.

Chakula cha samaki, alisema. Kimebaki. Naomba kuwasilisha.

Nahodha Mstaafu

Mkuu Mama Kulwa, pole sana. Mimi sikualikwa, lakini ninaishi ng'ambo, Sengerema, na ninathibitisha kwamba tulisikia vizuri. Swali langu ni moja tu: unatarajia kuvuna lini?

Mchembe Mkavu

Mleta mada ametuletea maelezo marefu bila picha, wakati utaratibu wa jamvi hili anaujua. Tunaomba picha ya jani.

Mama Kulwa

Mchembe Mkavu, picha iko kwenye simu ya kila aliyekuwa ukumbini, ukaiombe huko. Niwaambie kilichoniuma. Kizimba ningekisamehe, kwa kuwa mji huu siku hizi kila mtu anazungumzia vizimba. Kilichoniuma ni kwamba aliliona jani mapema, alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kunusa marashi yangu, akanyamaza, akaisubiri kamera ifike, ndipo akafungua kinywa chake. Mtu aliyelelewa angeninong'oneza kwamba mama mdogo, pitisha ulimi.

Binti wa Pasiansi

Dada yangu, shukuru kidogo. Huyo bwana ndiye aliyesherehesha sendofu yangu, na mbele ya wajomba zangu wote alitangaza kwamba serikali ilijisumbua bure kujenga daraja kati ya Kigongo na Busisi, ilhali pengo kubwa zaidi liko katikati ya meno yangu ya mbele. Mpaka siku hiyo mwanya wangu ulikuwa unasifiwa kuanzia nyumbani hadi Mwaloni kwa wauza dagaa. Tangu hapo nataka nivae waya niuzibe, lakini mama yangu mzazi amekataa katakata, anasema mwanya huo ndio uliomleta mkwe, na nikiuziba nijue namna ya kurudisha ng'ombe. Kwa hiyo wewe una waya na unalalamika, mimi nimenyimwa hata hiyo waya.

Fizi Salama

Ndugu wanajamvi, kwa kuwa kazi yangu ni hii ya meno, naomba niweke jambo moja sawa kabla kejeli hazijawakatisha tamaa wengine. Umri wa miaka 43 si kizuizi. Jino halikumwagiwa zege. Waya unapolisukuma kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa wa upande unaokandamizwa huyeyushwa taratibu na chembe hai za mwili zenye kazi hiyo, na kule linakotoka chembe nyingine hujenga mfupa mpya, na hilo hutokea kwa mtoto wa miaka 12 na kwa mzee wa miaka 60 mwenye fizi nzima. Tofauti ni kwamba taya la mtu mzima limekwisha kukua, kwa hiyo hatuwezi kulielekeza likue tutakavyo, na pale ambapo mataya yenyewe hayalingani sana huenda ukahitajika upasuaji. Wala jambo hili si la jana: Mfaransa Pierre Fauchard alikwisha kueleza mwaka 1728 utepe wa chuma unaofungwa kwenye meno kwa nyuzi ili kuyanyoosha.

Binti wa Pasiansi, mwanya ukizibwa hupenda kufunguka tena, ndiyo maana mara nyingi hubandikwa waya mwembamba nyuma ya meno ili kuushikilia. Mama Kulwa, jani la mchicha hutoka kwa kile kijiburashi chembamba cha kupitisha chini ya waya. Kiwe kwenye pochi kila uendako.

Mchembe Mkavu

Daktari, hakuna aliyeuliza habari za Ufaransa. Watu wanataka kujua kama matobolwa yanaruhusiwa.

Fizi Salama

Hayaruhusiwi. Yanavuta na yanabandua vichuma. Michembe, yaani viazi vilivyokaushwa vikiwa vibichi, ikipikwa mpaka ikalainika haina tatizo, sato hana tatizo ukimtoa miiba, na mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe, ingawa hata hivyo nisingeshauri.

Nahodha Mstaafu

Mtu akikatazwa matobolwa kwa karibu miaka miwili, hicho ni kifungo na kisiitwe matibabu. Mimi meno yangu yamepishana tangu nilipoyaota, la chini linatazama Ukerewe na la juu linatazama Musoma, na sijawahi kushindwa kumaliza mfupa.

Mmeru wa Igoma

Ninyi mnagombania waya. Mimi nilizaliwa Arumeru, nikahamia hapa kikazi, na meno yangu ni ya kahawia kwa sababu maji tuliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya, yalikuwa na floraidi nyingi. Siku ya harusi ya mwenzangu wa kazini, mheshimiwa huyo aliniuliza kwa kipaza sauti kama huko kwetu kahawa tunainywa au tunapigia mswaki. Nilimfuata baadaye nikamweleza kwa adabu kwamba madoa haya hayatoki kwa kusugua, na hata mtu akivaa waya yatanyooka yakiwa na rangi ileile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akarudi jukwaani akawasimulia wageni yote niliyomweleza.

Mama Kulwa

Naomba turudi kwenye mada, nayo ni jani. Bwana harusi amenipigia simu sasa hivi kutoka fungate. Nilidhani anataka kuniomba radhi kwa niaba ya kamati iliyomkodi yule mtu. Kumbe anauliza kama ninaridhia kipande kile kibaki kwenye video ya harusi, kwa kuwa mkewe amekipenda na anataka kiwekewe muziki. Mtoto niliyembeba mgongoni! Sasa kila mgeni atakayekaribishwa soda nyumbani kwao ataonyeshwa mchicha wangu, na sauti ya yule bwana ikiuliza kuhusu mkopo.

Mtunza Hazina

Wakuu, mimi ni mweka hazina wa kamati hiyo. Nampa pole mama mdogo, na kwa heshima namkumbusha kwamba ahadi yake ya mchango haijakamilika, na kwamba mtu mwenye kizimba hawezi kuiambia kamati hana fedha.

Mchembe Mkavu

Hapo mfugaji amepatikana.

Kijana wa Nyegezi

Samahani kwa kuingilia, lakini kwa kuwa mweka hazina yupo, na mimi nina lalamiko kuhusu harusi hiyohiyo. Waya zangu zilitolewa hivi karibuni, nikapewa reteina ya plastiki na maelekezo makali kwamba nisipoivaa, meno yataanza kurudi yalikotoka na mateso yote yatakuwa bure. Wakati wa chakula niliivua, nikaifunga kwenye tishu, nikaiweka kando ya sahani. Nilikwenda kunawa mikono tu. Niliporudi, mhudumu alikuwa ameondoa sahani, tishu, reteina na kuku ambaye nilikuwa sijammaliza. Nataka kujua ni nani anayelipa: ukumbi, wapishi au kamati?

Binti wa Pasiansi

Kuku alikuwa amebaki kipande gani?

Kijana wa Nyegezi

Paja. Ndilo linaloniuma kuliko reteina, ila bei yake haikaribiani.

Fizi Salama

Ndiyo maana reteina hutolewa pamoja na kiboksi chake. Ikiwa haimo mdomoni, iwe kwenye kiboksi, na isiwe kwenye tishu wala mfukoni. Ikipatikana, usiichemshe kwa nia ya kuua vijidudu, kwa sababu plastiki ile hupinda kwa joto na haitakukaa tena. Isugue kwa mswaki laini na maji ya baridi.

Mama Kulwa

Kuna mtu bado anasoma nilichoandika kuhusu kipaza sauti?

Mmeru wa Igoma

Tunasoma, mama. Mkuu Mtunza Hazina, mjibu kijana.

Mtunza Hazina

Reteina imepatikana tulipokuwa tunakabidhi ukumbi. Wahudumu walidhani ni meno ya bandia, wakatuletea ikiwa kwenye bilauri. Sisi kamati tulifikiri kwa makini, tukaona kwamba mgeni pekee tunayemjua kuwa na meno ya bandia ni babu wa bibi harusi, kwa hiyo tukampelekea hadi Kishiri usiku huuhuu. Babu amefurahi sana. Ameijaribu, anasema imelegea kidogo kuliko ile yake ya zamani, lakini ataizoea.

Kijana wa Nyegezi

Mkuu, nakuomba sana, mpigie simu umwambie asiizoee.

Mtunza Hazina

Nimepiga. Amekwisha kulala nayo.