Mnaoandika programu za PLC, acheni kutukabidhi mawasiliano yasiyo na msimamizi!

Wakuu, leo nimefika mwisho wa uvumilivu. Uzi huu nawaandikia wale wanaoandika programu za PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), wanakabidhi mtambo, wanalipwa, wanaondoka, na sisi wa matengenezo tunabaki na mashine inayodanganya watu.

Mtambo wenyewe una tanki, pampu mbili na vifaa kumi kwenye laini moja ya RS-485 (waya wa data unaotumiwa na vifaa vyote kwa pamoja): invata (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota), mita za umeme, mita za mtiririko, na sensa ya kina cha maji. Vyote vinasomwa kwa Modbus, lugha ya maswali na majibu kati ya PLC na vifaa. Waya wa sensa ya kina ukakatika. Skrini ikaendelea kuonyesha 62%. Hakuna kengele, hakuna rangi iliyobadilika. PLC ikaamini tanki bado lina nafasi, pampu ikaendelea kusukuma mpaka maji yakafurika na kuingia kwenye mfereji wa kebo. Na aliyeitwa kujieleza ni opereta! Mtu aliyekuwa anatazama namba iliyoganda, na hakuna aliyempa njia ya kujua kwamba imeganda.

Nikafungua programu. Bloku (kipande cha programu) ya kusoma sensa ipo, imeitwa vizuri, lakini pini ya ERROR, inayosema kwamba kusoma kumeshindwa, haijaunganishwa na kitu, na STATUS, inayotaja sababu, nayo hivyo hivyo. Kiwango cha kimataifa IEC 61131-5 kilichotoka mwaka 2000 kinaeleza bloku za mawasiliano, na pini hizo zimo humo humo. Zimewekwa kwa sababu mawasiliano hukatika. Kusoma kukishindwa, rejista ya ndani (nafasi ya kumbukumbu inayoshika namba) haijifuti yenyewe, inabaki na thamani ya mwisho iliyofika salama. Kwa hiyo mwandishi wa programu ndiye anayepaswa kuamua: data ikipitwa na muda, je, pampu isimame, au iendelee kwa swichi ya boya? Hapa hakuna aliyeamua lolote. 62% ikawa ukweli wa milele.

Nikaendelea kusoma. Bloku nne za mawasiliano zimetawanywa kwenye kurasa nne tofauti, zote zinaamshwa na mpigo uleule wa saa wa kila sekunde. Jamani! Modbus RTU, aina ya Modbus inayopita kwenye laini hii, ina masta (muulizaji) mmoja, na laini inabeba swali moja kwa wakati mmoja. Ukiziamsha nne kwenye skani ileile (mzunguko mmoja wa PLC kupitia programu yote), moja inapata njia na zinazobaki zinakataliwa au zinavurugana, kutegemea PLC uliyonayo. Ndiyo maana mita fulani "inasoma ikijisikia", na fundi anabadilisha kebo, anabadilisha mita, anabadilisha kila kitu isipokuwa programu.

Naona tatizo linaanzia hapa: mtu anaichukulia bloku ya mawasiliano kama amri ya kujumlisha, kwamba ukiiita jibu lipo kwenye mstari unaofuata. Si hivyo. Piga hesabu. Kusoma rejista 10 ni baiti 8 za swali na baiti 25 za jibu, jumla 33. Kila baiti ikibeba biti 11 kwa kasi ya 9600, ni kama milisekunde 38 kwenye waya tu, kabla hujahesabu muda wa kifaa kufikiri. Skani yako ikiwa ya milisekunde 10, swali moja limekula skani nne na bado. Hiyo ni kazi yenye mwanzo, katikati na mwisho, na lazima pawe na sehemu moja ya programu inayoisimamia: inakiita kifaa cha kwanza, inangoja, inapokea DONE (imefanikiwa) au ERROR, ndipo inakipa zamu kinachofuata.

DONE AU ERROR. Narudia kwa sababu hata wale wanaojitahidi kupanga foleni, nimeona foleni inayosogea kwa DONE peke yake. Kifaa kimoja kikizimwa umeme, DONE haiji kamwe, foleni inasimama hapo hapo, na vifaa tisa vizima vinaonekana vimekufa. Tena kwenye PLC nyingi biti hizo zinawaka kwa skani moja tu. Usipozishika papo hapo, zimepita.

Halafu kuna taimauti, yaani muda wa kungoja jibu kabla ya kukata tamaa. Mtu ameweka sekunde 1 na majaribio matatu kwa kila kifaa. Vifaa tisa vizima vinamaliza mzunguko ndani ya nusu sekunde hivi, kimoja kilichokufa kinaongeza sekunde 3 kila mzunguko. Kifaa kilichoshindwa mara kadhaa kitolewe kwenye foleni ya kawaida, kiulizwe mara moja baada ya muda mrefu, kengele iwake. Ni mistari michache ya programu!

Na lililonichoma kabisa: invata inaandikiwa muda wa kuongeza kasi, kwa funksheni 06 (amri ya Modbus ya kuandika rejista moja), kila sekunde, thamani ileile isiyobadilika. Invata nyingi zinahifadhi vigezo vya namna hiyo kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa), na chipu hizo mara nyingi zinatajwa kuvumilia maandiko kama 100,000. Siku moja ina sekunde 86,400. Mmeelewa? Kifaa cha bei kubwa kinaweza kuchakaa kumbukumbu ndani ya siku mbili kwa sababu mtu hakuweka sharti la kuandika pale tu thamani inapobadilika.

Mambo ya anwani za rejista kupishana kwa moja, na nusu mbili za namba ya desimali kugeuzwa mpangilio, siyasemi sana. Hayo yanaonekana siku ya kwanza na yanarekebishwa.

Najua mtakuja na lile jibu la "kagua kebo kwanza". Tumekagua. Vizuizi vya ohmu 120 vipo ncha zote mbili, ngao imewekwa ardhi, nyaya hazijapishana. Kebo inaweza kukatika siku yoyote, na programu ya mtu mzima inajua la kufanya ikikatika.

Kwa upande wangu, sisaini tena makabidhiano ya mtambo wowote kabla ya kuchomoa waya wa kila kifaa, kimoja kimoja, mwandishi wa programu akiwa amesimama pembeni. Nataka nione kengele ikitaja jina la kifaa, skrini ikisema data ni ya zamani, vingine vikiendelea kusoma kwa kasi ileile, na nikirudisha waya kifaa kirudi chenyewe bila kuzima PLC. Kimoja kikikwama, fungua kompyuta yako urekebishe, mimi nipo nasubiri.