Mafuta ya mkia wa kondoo kwa mtoto mwenye kikohozi: wahudumu wa afya wafoke au waulize?

Mleta mada, Arusha

Wakuu, naomba tujadili jambo linaloniuma. Julai mwaka jana mtoto wa mdogo wangu, wa miezi minne, alikohoa wiki mbili. Bibi yake, yaani mama yetu, akafanya kile alichofanyiwa na mama yake. Alikata mkia wa kondoo vipande vidogo, akavibandika jikoni juu ya makaa machache bila maji, akakaa hapohapo akigeuza kwa mwiko mpaka vipande vikakauka na mafuta yakabaki yanang'aa kama ya alizeti. Akayachuja kwa kitambaa na kuyatia kwenye chupa. Kwa baridi ya huku, kila asubuhi yalikuwa yameganda meupe kama mshumaa. Anaitumbukiza chupa kwenye maji moto, anachota kijiko, anamlaza mtoto chali, anambana pua ili ameze.

Kikohozi hakikuisha. Kwenye kituo kimoja cha afya muuguzi aliiona chupa kwenye mkoba, akamfokea mama mbele ya foleni nzima na kuitupa chupa kwenye pipa. Hakuuliza mtoto amepewa kiasi gani, mara ngapi, wala alishikwaje. Dawa waliyopewa haikusaidia. Walipofika hospitali nyingine, daktari akauliza kwa upole, "Mama, kuna chochote mmempa nyumbani?" Mama yetu akajibu, "Hakuna." Siku tatu zikapita kabla mdogo wangu hajasema ukweli, ndipo picha ya kifua ikasomwa upya. Mtoto amepona, lakini taratibu sana.

Msimamo wangu: kumnywesha mtoto mchanga mafuta kukome. Ila kumfokea bibi ndiko kulikotugharimu zile siku tatu. Mnasemaje?

Mchangiaji, Mwanza

Pole kwa familia, lakini sikubaliani nawe. Upole umeshindwa. Dada yangu alielezwa vizuri kliniki, akaitikia "ndiyo, ndiyo", akirudi nyumbani anamkuta mama mkwe na kijiko. Mwenye kauli pale nyumbani ni mama mkwe, na huyo kliniki hafiki. Akionekana siku moja, aambiwe wazi na watu wasikie, wengine wajifunze.

Muuguzi, Dodoma

Nimefanya kazi wodi ya watoto, na nimewahi kufoka. Naomba kwanza nieleze kwa nini tunaogopa kijiko hicho. Maji yakimwingia mtoto njia ya hewa, anapaliwa na kukohoa kwa nguvu. Mafuta hayamshtui hivyo. Yanaweza kuteleza kimya mpaka kwenye mapafu, na mapafu hayawezi kuyasaga. Yanakaa humo na kuleta uvimbe. Kwenye picha inaonekana kama nimonia, ila antibayotiki haziyaondoi mafuta. Siyo ya kondoo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa kusini magharibi mwa Saudi Arabia waliandika kuhusu watoto waliopata hali hiyohiyo kwa kunyweshwa samli. Kumlaza chali na kumbana pua ndiyo namna mbaya kuliko zote.

Sasa angalia: daktari asiyejua kwamba mtoto alipewa mafuta ataona nimonia isiyosikia dawa, ataandika dawa nyingine, kisha nyingine. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada. Ndugu wa Mwanza, mama mkwe aitwe, kweli, lakini aitwe ndani, apewe kiti, aulizwe.

Mfugaji, Kajiado

Mnazungumza kana kwamba mafuta haya ni uchafu. Sisi tumekua nayo. Mzazi akijifungua anapewa apate nguvu. Yanachanganywa na olkaria, ule udongo mwekundu, tunajipaka. Visigino vilivyopasuka kiangazi yanalainisha kuliko losheni ya dukani. Mkia wenyewe sasa tunautafuta. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayevumilia minyoo, tumemchanganya na Dorper kwa ajili ya uzito wa nyama, na kila kizazi mkia unapungua mafuta. Mkikataza kila kitu kwa sababu ya kijiko kimoja, mzee wangu atasema mnadharau alichomlea nacho, na hata lile la mtoto hatalisikia.

Mchangiaji, Isiolo

Kweli kabisa. Huku kwetu nyama inakatwa vipande vidogo vidogo, inakaangwa mpaka maji yote yaishe, halafu inafunikwa na mafuta yake. Hiyo ndiyo nyirinyiri. Inakaa miezi bila friji. Ukibakiza unyevu tu, inachacha, utaijua kwa harufu ukifungua kopo. Ni chakula cha safari na cha ukame. Mwenye presha na moyo ale kwa kipimo, maana mafuta haya karibu nusu yake ni yale yanayoganda. Ila hiyo ni hesabu ya mtu mzima na sahani yake.

Mchangiaji, Mwanza

Basi tuwape mbadala. Asali je?

Muuguzi, Dodoma

Aliyetimiza mwaka 1, sawa, inatuliza koo. Chini ya hapo hapana, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Na kidonda kibichi cha moto kisipakwe mafuta ya aina yoyote. Ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20.

Mfundisheni bibi kuhesabu pumzi, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Miezi 2 hadi 11, mara 50 au zaidi ni hatari. Kuanzia mwaka 1 mpaka chini ya 5, mara 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, msisubiri asubuhi. Chini ya miezi 2 nendeni tu, msihesabu. Mabibi wana subira ya kukaa na mtoto, kazi hii wanaiweza kuliko sisi.

Mleta mada, Arusha

Asanteni. Nimempigia mama simu, nikamsomea haya ya pumzi. Amesikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Na wewe mbona nilikupa, ukapona?" Nimekosa jibu.

Muuguzi, Dodoma

Mwambie kikohozi cha mafua kwa watoto wengi huisha chenyewe ndani ya wiki mbili tatu, upewe mafuta usipewe. Wewe ulimeza yakashuka tumboni. Mjukuu yalipita njia nyingine. Mkono ni uleule na upendo ni uleule.

Mleta mada, Arusha

Jumamosi nakwenda nyumbani. Hilo nitamwambia tukiwa tumekaa, siyo kwa simu.