Uwanja mpya wa shule, bodaboda zinapita katikati. Tufanyeje?

Mama Kulwa, Nkuhungu
Habari za jioni ndugu zangu wa Dodoma. Shule ya msingi ya mtaani kwetu imepata uwanja wa kuchezea: bembea nne, mtelezo wa chuma na matairi yaliyofukiwa nusu mchangani. Mapacha wangu wa darasa la kwanza wakivua sare tu wanakimbilia huko hadi magharibi.

Shule haina uzio, na njia ya mkato inapita katikati ya bembea na mtelezo. Jumatano nilisimama pale namsubiri Kulwa ashuke. Miguu yake inagusa chini tu, boda hiyo, imebeba abiria na gunia la mkaa. Upepo wake ulipeperusha gauni la mwanangu. Dereva hakugeuka. Hadi leo nikifumba macho naliona lile gunia.

Wazazi wenzangu wanataka mlinzi awafukuze watoto saa tisa, masomo yakiisha. Mimi sitaki. Wakifukuzwa watachezea wapi kama si korongoni? Naombeni ushauri.

Fundi Chuma, Miyuji
Pole sana mama. Simamisheni mapaipi ya inchi mbili kila mwisho wa njia, yapishane. Mwenye ndoo kichwani anapita, pikipiki inakwama. Yafukieni kwa zege, la sivyo mvua za Januari zitayalegeza. Na huo mtelezo umetazama wapi? Chuma cha namna hiyo niliwahi kukishika saa nane mchana, kiganja kikababuka. Pandeni mwarobaini upande wa magharibi.

Mwalimu Mstaafu
Mbukwenyi. Mama Kulwa, usikubali watoto wafukuzwe. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kucheza waziwazi katika kifungu cha 31. Fundi, nafasi kati ya mapaipi ipimeni kwa kiti mwendo, asibaki mtoto nje. Na uzio msipande minyaa, nawasihi. Nimewahi kumwosha mwanafunzi utomvu wake machoni, alilia mpaka sauti ikakauka.

Kijana wa Kijiweni
Shikamoo mwalimu. Dada, mimi ni boda na ninalo binti wa umri huo. Tunakata pale kwa sababu barabara ya kuzunguka ina mchanga mwingi, ukibeba mzigo tairi la mbele linakukimbia. Hiyo haitupi haki ya kupita katikati ya watoto. Njooni na mwenyekiti wa mtaa saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujatawanyika. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini; barua ya kuwaomba kifusi tutasaini wote.

Mama Kulwa
Asanteni, nimelia kidogo. Fundi, mtelezo umetazama magharibi kabisa. Leo nimepima njia kwa kanga: upana wake ni kanga moja na shubiri mbili. Kamati ya shule inakaa Jumamosi. Mapaipi manne na zege ni shilingi ngapi, niende na hesabu mkononi?