Mrejesho: bastola na mazoezi ya kweli (Tanga)

Wakuu, niliwauliza kama kulenga karatasi ukiwa umesimama kunamtosha mwenye duka wa Ngamiani kama mimi anayemiliki bastola kihalali. Mlinijibu hakutoshi, nifanye mazoezi ya kweli; nimeyafanyia kazi, asanteni sana.

Mkufunzi aliweka silaha zote pembeni, akanipa bastola bandia ya plastiki. Kijana akasimama mita 7, kashika kijiti badala ya kisu, akanijia mbio. Kijiti kilinigusa kifuani mkono wangu ukiwa bado unapandisha shati ili nichomoe bastola! Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, Marekani, aliliandika hili mwaka 1983: umbali wa mita 6.4 hivi mtu huumaliza kwa sekunde 1.5 hivi.

Kwa hiyo sasa tunafanya mazoezi ya kukwepa nyuma ya kaunta, kupiga kelele na kufunga geti. Mama watoto naye anafanya, maana jioni yeye ndiye anayekaa dukani.