Makao ya mama mwenye demensia hapa Mwanza: tulinganishe njia tatu

Binti wa Igoma

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mama yangu ana miaka 78, na daktari amethibitisha kwamba ana demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, inayotokana na ugonjwa wa Alzheimer. Familia imebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni nyumba ya kulelea wazee yenye vigae, jenereta na bustani inayotazama ziwa. Ya pili ni nyumba ndogo ya wazee 9, yenye mabati ya zamani na jiko la mkaa uani. Ya tatu ni mama kubaki nyumbani na dada wa kazi, huku muuguzi akija mara tatu kwa wiki. Kaka yangu mkubwa anaitaka ya kwanza. Mimi nilipoitembelea ile ndogo nilimkuta mhudumu akimlisha bibi mmoja kijiko kwa kijiko, akisubiri ameze kabla ya kuongeza kingine, na picha hiyo haijanitoka. Tupime kwa vigezo gani?

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, vigae havimgeuzi mgonjwa kitandani. Nenda bila kutoa taarifa, tena uende saa 12 jioni, kwa sababu wagonjwa wengi wa demensia huhangaika zaidi jua linapozama, na hiyo ndiyo saa ambayo wahudumu wa mchana wanaondoka. Hesabu waliobaki. Muulize mhudumu wa usiku mwenyewe, si meneja, anaangalia wazee wangapi.

Omba kuona daftari la uzito. Mzee anayepungua mwezi hadi mwezi huenda halishwi kwa subira, au ana tatizo la kumeza ambalo hakuna aliyeligundua. Uliza pia ni wangapi wana vidonda vya mgandamizo, vile vya kulalia upande mmoja muda mrefu, na vilianzia wapi, maana kidonda kilichoanzia humo ndani kina maelezo tofauti na kile ambacho mzee alikuja nacho.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni dawa za kutuliza. Ukikuta sebule nzima ya wazee wamelala saa 4 asubuhi, usidhani huo ni utulivu. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo, ikalipanua mwaka 2008, kwamba dawa za kutibu saikosisi (antipsychotics), ambazo mara nyingi hutumika kuwatuliza, huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Zipo hali zinazolazimu kuzitumia, lakini daktari aandike sababu, kiwango na tarehe ya kuzipitia upya. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akaanza kupiga kelele au kuona visivyokuwepo, kwanza apimwe malaria, maambukizi ya njia ya mkojo na upungufu wa maji mwilini, kwa kuwa ugonjwa wa Alzheimer wenyewe hauendi kwa kasi hiyo.

Mkazi wa Sengerema

Dada, ongeza lugha. Baba yangu alikaa kwenye nyumba nzuri ya aina hiyo ya kwanza. Kiswahili kilimtoka, Kisukuma cha utotoni kikabaki. Alikuwa akisema "minzi" siku nzima, na wahudumu, ambao wote walikuwa wametoka mikoa mingine, wakaandika kwamba anapayuka. Alikuwa anaomba maji. Tulimkuta midomo imepasuka.

Mjukuu wa Magu

Njia ya tatu msiitupe haraka. Bibi yetu tulimtunza nyumbani miaka minne, na kwa muda mrefu aliendelea kuijua njia ya chooni kwa sababu ilikuwa ileile. Hata hivyo, dada wa kazi mmoja hawezi kukesha usiku na kufua mchana. Sisi tulihitaji watu watatu wa kupokezana. Pia huku Kanda ya Ziwa wapo bado wanaomwona bibi anayezurura usiku akiongea peke yake kuwa ni mchawi, na macho mekundu ya moshi wa kuni yamewaponza bibi wengi. Kwa hiyo tulianza kwa kumweleza balozi wa nyumba kumi na majirani kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo. Lango tuliliwekea komeo la juu, maana alikuwa akielekea ziwani akiamini anakwenda kuteka maji.

Binti wa Igoma

Nawashukuru sana. Jana jioni nilikwenda kote kuwili bila taarifa. Nyumba ya kwanza ilikuwa na wahudumu 2 kwa wazee 26, na wazee 4 walikuwa wamefungwa kwa shuka kwenye viti. Niliambiwa ni kuwazuia wasianguke. Ile ndogo ilikuwa na wahudumu 2 kwa wazee 9, na mmoja wao ni Msukuma wa Misungwi, lakini daftari la uzito halikuwepo kabisa na dawa zilikuwa kwenye kopo bila chati. Mwenye nyumba hakuficha, na amekubali tulete mzani na muuguzi wetu awapangie chati. Nyumbani sisi hatuna watu watatu. Jumamosi mama atashinda kwenye ile ndogo, nami nitakaa pembeni nikiangalia.

Muuguzi Mstaafu

Hao waliofungwa, mwanangu, waripoti kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri wiki hii. Mzee anayefungwa hupoteza nguvu za miguu, na siku akifunguliwa ndipo huanguka vibaya. Jumamosi mpe mama chupa yake ya maji, uiwekee alama kwa kalamu, kisha usimkumbushe mtu yeyote. Saa 12 jioni iangalie imefika wapi.